Hakuna "viza ya kazi" ya Zambia, na amri ya Julai haikuifuta

Julai 28, 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alisaini amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini Tanzania. Dar es Salaam waliisoma kwa macho ya Kariakoo, wakaizungumzia kama habari ya Wachina na fremu za maduka. Nairobi wakaisoma kwa macho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakapiga kelele kwamba mkataba umevunjwa. Huku Mbeya na Songwe, kwenye gereji za Mwanjelwa na kwenye foleni za malori pale Tunduma, iliingia na woga wa aina yake: kwamba Wazambia na Wamalawi sasa watalipiza, na vijana wetu walioko Kitwe, Ndola, Solwezi na Lilongwe watafungiwa mlango wa kazi. Nimeisikia hoja hiyo kwa madereva, kwa mafundi, hata kwa diwani mmoja ambaye nilitegemea angekuwa ameisoma amri yenyewe.

Woga huo umekosea anwani. Amri ya Julai inahusu leseni za biashara, ajira haikuigusa. Na mlango wa ajira ambao watu wanaogopa utafungwa, kwa fundi wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini haujawahi kufunguliwa. Wanaovuka wanapita mlango wa wageni wa matembezi, wanafanya kazi humo humo mpaka wakamatwe au siku ziishe. Wanapita huko kwa sababu wameaminishwa kwamba kuna kitu kinaitwa viza ya kazi, ambacho mtu mwenyewe anaweza kwenda kukinunua. Hakipo. Kilichopo ni kibali cha ajira, mwombaji wake ni mwajiri, na kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye vyeti. Tusipolielewa hilo tutaendelea kugombana na amri isiyohusika huku vishoka, yaani mawakala wa vichochoroni, wakivuna.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalotuponza. Mtanzania akienda Zambia au Malawi kutembea hahitaji viza. Anaonyesha paspoti, anagongewa muhuri, anapita. Tangu Oktoba 2019, kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde, mji wa upande wa Zambia, kilipozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu, hata ule usumbufu wa kupanga foleni mbili umepungua, kwa sababu taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa chini ya paa moja, upande wa nchi unayoingia. Urahisi huu ni jambo jema, lakini umezaa kosa. Mtu aliyepita bila kuulizwa viza anaamini ameruhusiwa kila kitu. Muhuri wa mpakani unasema umeruhusiwa kuwepo kwa siku kadhaa. Kwa Zambia, mgeni wa matembezi hupewa hadi siku 90, na aliyekuja kwa shughuli za kibiashara hupewa siku 30 ndani ya miezi 12. Kuwepo na kufanya kazi ni mambo mawili tofauti, yanasimamiwa na karatasi mbili tofauti, na karatasi ya pili haigongwi dirishani.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani kwetu Iyunga, fundi wa kuchomelea ambaye mkono wake naujua kwa sababu geti la nyumbani kwangu ni kazi yake, aliniletea paspoti nimsomee. Alikuwa amemlipa wakala shilingi laki tisa za "viza ya kazi ya miaka miwili". Ndani ya bahasha ya kaki kulikuwa na karatasi iliyopigwa laminesheni, nembo yake imefifia kama kitu kilichotolewa kopi ya kopi, na jina lake limekosewa herufi moja. Paspoti yenyewe ilikuwa na muhuri wa kuingilia, na ndani ya muhuri mtu ameandika kwa kalamu tarakimu mbili: 30. Huo muhuri angeupata bila kumlipa mtu yeyote. Alifanya kazi wiki tano kwenye karakana ya mabodi ya malori, wiki ya sita akarudishwa mpakani na begi la nguo, mashine yake ya kuchomelea imebaki kwa bosi. Aliponiuliza kama anaweza kumshtaki wakala, nilimuuliza mwajiri aliyetajwa kwenye ile karatasi ni nani. Tukaitafuta nafasi ya mwajiri karatasi nzima. Haikuwepo.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Chini ya sheria ya uhamiaji ya Zambia ya mwaka 2010, kazi ya muda mfupi, isiyozidi miezi sita, ina kibali chake cha muda. Kazi inayozidi hapo ina kibali cha ajira. Vyote vinamhitaji mwajiri ajitokeze kwa jina lake, aandike barua, aeleze anamhitaji huyu mgeni kwa kazi gani, aambatanishe vyeti vyake na wasifu wake. Malawi nao wana kibali cha ajira cha muda, na mwajiri anatakiwa kueleza kwa nini nafasi hiyo haikumpata Mmalawi. Ukizisoma sheria hizi kwa macho ya fundi wa Iyunga, unaona mara moja kwamba zimeandikwa zikimfikiria mtu mwingine: mhandisi wa mgodi, mhasibu wa benki, meneja wa kampuni ya mbegu. Mtu huyo ana mwajiri anayeweza kulipa ada na kusubiri. Mwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya Ndola, ambaye mwenyewe pengine hajasajili shughuli yake, hawezi kuingia ofisi ya uhamiaji kumwombea kibali fundi wa kulipwa kwa wiki. Kwa hiyo kisheria tatizo la fundi si kukosa sifa tu. Hana hata mtu wa kumwombea.

Kabla hatujawalaumu majirani, tufungue kabati letu. Sheria yetu ya Uratibu wa Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 inasema karibu yale yale. Mwajiri ndiye anayeomba, lazima aridhishe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na lazima awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa huyo mgeni. Baada ya hapo kuna kibali cha ukaazi, ofisi nyingine, ada nyingine. Fundi wa Nakonde akitaka kuajiriwa gereji ya Tunduma kihalali atakutana na ukuta ule ule, matofali yale yale. Ndiyo maana nasema hofu ya kulipizwa kisasi haina miguu: Zambia haihitaji kulipiza kitu, kwa sababu kwenye ajira za mafundi na vibarua wao walishafunga, nasi tulishafunga, miaka mingi kabla ya Julai 2025. Amri ya Jafo iliongeza kufuli kwenye mlango wa jirani yake, mlango wa mwenye duka, wa mtoa huduma za fedha kwa simu, wa fundi simu aliyefungua banda lake mwenyewe, wa mwenye saluni isiyo ya hotelini. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Aliyeajiriwa na mtu mwingine hakutajwa.

Wapo watakaosema: lakini tuna mikataba. Hapa ndipo mtu wa Mbeya anapodanganywa na habari za Nairobi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, kweli inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa kila nchi iliweka orodha yake ya kazi inazoziruhusu, na yetu ni ya kubana. Mkenya aliyekasirishwa na amri ya Julai alikuwa na karatasi ya kuinua juu. Lakini itifaki hiyo inaishia wapi? Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kama kilomita 100. Hadi mpaka wa Kasumulu kule Kyela si mbali zaidi ya hapo sana. Namanga iko karibu kilomita elfu moja. Majirani wetu wa kweli, wale tunaobadilishana nao mchele, ndizi, mahindi na wachumba, hawamo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia na Malawi tunakutana nazo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na SADC iliandika itifaki ya kurahisisha watu kuvuka mipaka mwaka 2005, itifaki ambayo mpaka leo haijapata nchi za kutosha kuiridhia ianze kutumika. Zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa itifaki hiyo inasainiwa sasa ana umri wa kutafuta kazi Kitwe, na hana mkataba wowote wa kuushika mkononi. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022, sawa, lakini ili ufike Lubumbashi kwa barabara tunayoitumia sisi unapita kwanza Zambia.

Kuna hoja tatu zinazopingana kuhusu nini kifanyike, na hazina uzito sawa. Dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba Mtanzania haendi nje kutafuta kazi, wao ndio wanaotujia sisi, hivyo tukaze kamba bila wasiwasi maana hatuna cha kupoteza. Anayesema hivi hajawahi kukaa Rungwe wala Kyela. Wanyakyusa walikuwa wanakwenda migodi ya shaba tangu Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, na wengine walifika mpaka kwenye dhahabu ya Afrika Kusini. Nenda Tukuyu, uliza wazee, utaonyeshwa nyumba zilizojengwa kwa fedha hizo. Wabena, Wakinga na wenzao walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na hiyo nayo ilikuwa safari ya kazi ya mbali. Kinyume chake ni kweli pia: miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilivuta vibarua kutoka Nyasa na Rhodesia. Wanyamwanga wako Momba na wako Nakonde. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanaelewana bila mkalimani. Ukanda huu umekuwa soko moja la kazi kwa muda mrefu kuliko ulivyokuwa nchi tatu. Kusema hatuendi nje ni kuisoma Tanzania kutokea Posta, katikati ya Dar es Salaam.

Hoja ya pili ni ya wapenda mipaka wazi: ondoeni vibali, kila mtu afanye kazi anapopata. Ina mvuto, na mimi mwenyewe nilikuwa upande huo nikiwa kijana. Lakini haijibu swali la yule kijana wa Nakonde au wa Karonga ambaye naye hana kazi. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, moja ya mambo ya kwanza wananchi wake waliyodai ni nafasi za migodini zilizoshikwa na wageni, na serikali yoyote ya pale inayoonekana kuzigawa tena itaadhibiwa kwenye kura. Sisi tungefanya vivyo hivyo. Tumeona hata kwenye mazao: Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza baadhi ya bidhaa za kilimo, sisi tukajibu Aprili kwa kuzuia mazao yao, na ilibidi pande mbili zikae mezani kwanza. Kama ndizi na mchele vinaweza kuzua hayo, usitegemee watu wapite kirahisi zaidi ya mkungu wa ndizi.

Ya tatu ndiyo hoja nzito, na ndiyo inayonisumbua. Inasema kwamba kulinda kazi na biashara ndogo ni haki, kwa sababu maskini wa nchi hana kimbilio lingine. Mwenye mtaji akiruhusiwa kuuza vocha, wa kwetu atauza nini? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Katika orodha ya Julai yapo mambo ambayo sioni ubaya wake. Lakini hata hapo Nyanda za Juu zina hesabu yake. Amri inakataza asiye raia kununua mazao shambani, na mkulima wa parachichi wa Njombe anayekumbuka wanunuzi wa Kenya wakifika mpaka chini ya mti anajua kwamba kuondoka kwa mnunuzi mmoja humwachia dalali wa hapa hapa apange bei. Inakataza pia uwakala wa forodha, na Tunduma nzima inaishi kwa forodha. Huko kijana wa kwetu amepata nafuu ya kweli. Faida na hasara zimo katika amri moja, wilaya moja na nyingine, na haisaidii kuishangilia au kuilaani yote kwa mkupuo. Ninachokataa ni kuirefusha hoja hii hadi kwenye ajira ya ujuzi wa mikono, kana kwamba fundi kuchomelea mmoja wa Mbeya akifanya kazi Solwezi anamnyang'anya Mzambia kazi kwa namna ile ile ambayo mwenye mtaji wa mabilioni anavyomfunika muuza duka. Fundi hana mtaji wa kumzamisha mtu. Ana mikono, na bei ya mikono hiyo hushushwa na jambo moja kubwa: kukosa kibali. Mwajiri anayejua huna karatasi anakulipa nusu, na kwa kukulipa nusu ndipo anapomharibia soko Mzambia pia. Kwa hiyo anayetaka kumlinda kijana wa Ndola ana sababu ya kutaka fundi wa Iyunga awe na kibali, alipwe sawa, na aonekane.

Nchi hizi mbili zinajua kushirikiana zikitaka. Kati ya 1970 na 1975 zilijenga reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zikaimiliki nusu kwa nusu. Kabla ya hapo, 1968, lilikuwa limeshawekwa bomba la mafuta hadi Ndola. Mwaka 2025 zimesaini pamoja mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua reli hiyo, TAZARA, kwa dola bilioni 1.4. Tuna reli ya pamoja, bomba la pamoja, kituo cha mpaka cha pamoja. Mzigo wa shaba unapita Uyole usiku kucha. Aliyeitengeneza springi ya lile lori, akitaka kulifuata upande wa pili na spana zake, anakuwa mhalifu siku anapoanza kazi. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ni kwamba kila mara wakubwa wanapokutana ajenda ni mzigo, na mtu anaachwa kwenye mengineyo.

Makubaliano ya nchi mbili yanayohusu mafundi wa ukanda wa mpaka hayahitaji kusubiri SADC nzima. Yanaweza kutaja ujuzi wachache unaohitajika pande zote, kuchomelea, umeme wa magari, ufundi wa mashine za migodini, na kuruhusu chama au halmashauri kusimama mahali pa mwajiri kwenye maombi, ili yule mwenye karakana ndogo asihitaji kuwa kampuni. Yawe ya kubadilishana: idadi ile ile ya Wazambia na Wamalawi waruhusiwe huku, la sivyo hakuna bunge litakaloyakubali. Na upande wetu kuna kazi isiyohitaji ruhusa ya Lusaka. Kibali popote kinataka cheti, na fundi wetu aliyejifunza kwa kushika tochi ya bwana wake miaka sita hana cheti. VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, mtu anapimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa karatasi. Mafundi wengi wa Mbeya ninaozungumza nao hawajui kama upo. Redio zetu zinazotangaza dawa za nguvu kila baada ya nusu saa zingeweza kulitaja hili mara moja kwa siku.

Kuhusu mawakala, sheria hazikosekani. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni, Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, upo, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kusoma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme stendi ya Nane Nane, ambayo yana namba za simu kabisa, hayajifichi. Lakini hata polisi wakiamka, kishoka ataendelea kupata wateja kwa kadiri neno "viza ya kazi" linavyoendelea kuwa na maana vichwani mwa watu. Anauza kitu ambacho mnunuzi ameshakiamini kabla hawajakutana. Swali la kumuumbua ni moja tu, na halihitaji mwanasheria: mwajiri wangu ni nani, na barua yake iko wapi?

Wiki mbili zilizopita yule fundi wangu alipita nyumbani kurekebisha bawaba ya geti. Akaniambia kuna wakala mwingine, huyu ni mstaarabu, ana ofisi na kiti cha kuzunguka, anashughulikia Malawi na bei yake ni laki sita tu kwa sababu Malawi ni karibu. Nikamuuliza mwajiri ni nani. Akainama kuokota elektrodi iliyomwanguka, akaipangusa vumbi kwenye suruali.

"Hajanitajia bado, mzee. Amesema tukishavuka."